Tufaha Ndani ya Mtungi wa Mchele

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Mkomani kulikuwa na neno moja ambalo halikuwa tusi wala kufuru, lakini mtu akilitamka Bibi alikuwa akimkazia macho mpaka alimeze. Neno lenyewe ni "mpishi". Baba yangu alikuwa mpishi. Alimpikia Mzungu mmoja wa serikali na mkewe, katika nyumba yao nyeupe iliyotazama maji, na kazi hiyo ndiyo iliyotulisha sote. Lakini ukimwuliza Bibi, mamake Baba, kuwa mwanawe anafanya kazi gani, alijibu, "Yuko serikalini," kisha akakuulizia habari za watu wa kwenu. Babu yetu aliwahi kuwa na mashamba na nyumba tatu. Sisi tulibakiwa na nyumba moja yenye ufa na jina refu, na kwa hesabu ya Bibi watu wenye jina refu hupikiwa, hawapiki.

Nalitanguliza hili kwa sababu mkasa wa tufaha, ambao jamaa zangu hawaachi kuusimulia kila harusi na kila hitima, wanausimulia vibaya. Wanaanzia kwenye mimba, wanaishia kwenye baka, wanacheka, wanaomba chai. Mimi ndiye niliyekuwapo. Mimi ndiye niliyetumwa, na mimi ndiye niliyefinywa. Nimekwisha kuwa ajuza, na bado nikiwasikiliza natamani kupiga ukelele.

Mwaka huo nilikuwa na miaka tisa. Dada yangu Maimuna, aliyenizidi miaka kumi, alirudishwa kwetu na mumewe akiwa na mimba ya miezi mitatu. Desturi ni mwanamke arudi kwao mimba ikishakua, ajifungulie huko, lakini mimba zake mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika, na mumewe, fundi wa kuchonga milango, hakutaka kulala tena na hofu ile peke yake. Akatuletea sisi hofu yake. Tulikuwa na yetu tayari. Mama yetu alifariki kwa uzazi nikiwa na miaka mitatu, kwa hivyo nyumba ile haikuhitaji kuhadithiwa mimba inaweza kufanya nini.

Maimuna alikuwa hali kitu. Uji ulirudi. Maji ya dafu yalirudi. Samaki hata kumtaja ilikuwa ni makosa. Baba alimletea dawa ya hospitali, nayo ikarudi. Mikono ilimkonda hata bangili zake zikawa zinapanda mpaka kwenye kiwiko bila kukwama popote, na Bibi akimwona anazipandisha hivyo kwa kucheza, alikuwa akigeuza uso akajitia kutafuta tasbihi yake.

Sasa, Jumapili Baba alikuwa akirudi mapema, alasiri, akishawapakulia Wazungu chakula chao cha mchana. Jumapili moja akarudi, akavua kanzu yake ya kazi, akaitungika ukutani na kwenda kutawadha. Maimuna alikuwa amelala chumba kile kile. Nilimwona akiinuka taratibu, yeye ambaye tangu asubuhi hakuinuka, akaushika mkono wa ile kanzu, akautia puani. Akavuta pumzi. Akavuta tena. Akafumba macho.

"Baba," akaita, "kanzu yako yanukiani?"

"Jasho," akajibu Baba kutoka bafuni, na akatoka kwenda msikitini.

Jasho! Miaka yote hiyo namkumbuka Baba kuwa mtu mkweli, na uongo wake mmoja ninaoujua ni huo. Mimi nami niliinusa kanzu. Ilikuwa na karafuu, na sukari iliyoungua kidogo, na kitu kingine chini yake, kikali na kitamu kwa pamoja, ambacho sikuwa na jina lake.

Bibi, aliyekuwa akisikia kila kitu isipokuwa alichoambiwa, alifika mlangoni, akamwita aje, kwa lafudhi yetu ya Mkomani. "Ndoo hapa, Maimuna. Watakani?"

"Sitaki kitu, Bibi."

"Mficha uchi hazai. Sema."

Maimuna akaangalia chini. "Nataka hicho kinukiacho kwenye kanzu ya Baba."

Kwa Bibi, tangu hapo, jambo lilikuwa limekwisha kuwa la sheria. Mtu akisikia harufu ya chungu cha jirani, ana haki ya kuonjeshwa. Hilo kila mmoja Mkomani alilijua. Lakini mwenye mimba akisikia harufu, haki si yake tena, ni ya aliye tumboni. Akinyimwa, mtoto huzaliwa na alama ya kile alichonyimwa, mahali pale pale mamake alipojigusa wakati hamu imemshika. Jirani yetu mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu, alikuwa na doa la kahawia shingoni, na mtaa mzima ulijua kuwa ni halua ambayo mamake aliiona ikipita mlangoni kwenda kwenye harusi ya watu. Hiyo ni salama. Mtoto mwenye hasira, alisema Bibi, hangoji hata kuzaliwa na alama. Hugeuka akarudi alikotoka.

Hakumtazama Maimuna aliposema hivyo, lakini Maimuna aliyasikia.

Baba aliporudi msikitini akakuta tumempangia baraza. Akakiri. Lilikuwa tufaha la Kizungu. Nduguye Memsabu, yule mke wa Mzungu, alikuwa na shamba huko bara kwenye baridi, na mti wake ulitoka kwao Ulaya, kijiti kikaunganishwa huko na kuota, na kama kila mwaka, sasa amemletea dadake sanduku zima kwa meli.

"Basi mletee mwanao moya," akasema Bibi.

"Si langu, mama."

"Muombe."

Baba akatikisa kichwa. Wapishi wengine wa Wazungu walitoka jioni na mkate uliobaki, na mifupa ya supu, na sukari kwenye kipande cha gazeti. Yeye hapana. "Mkono wangu waingia jikoni kwao mtupu, na watoka mtupu," alisema. "Hilo tu ndilo nililobaki nalo. Mukinitoa na hilo, mutanitoa na nini tena?" Hakueleza zaidi, wala hatukumwuliza. Kumwuliza tufaha lile lilifanywaje hata likanukia vile kungekuwa ni kulitamka lile neno. Fikiria. Watu wanne ndani ya nyumba moja, mmoja mgonjwa, na dawa yake inajulikana na mmoja wetu, na hakuna anayeuliza kwa sababu ya adabu.

Bibi alimwekea Maimuna masharti. Asijiguse uso. Asijikune shingo. Akishikwa na hamu akae juu ya mikono yake. "Na ukishindwa kabisa," akasema, "shika hapa, papo nguo itasitiri," akajipiga tako lake mwenyewe kwa kishindo. Maimuna alicheka, mara ya kwanza tangu aje kwetu. Kisha akakimbilia bafuni kutapika.

Asubuhi yake Bibi akanivuta sikio. Wanawake wa nyumba kama yetu hawakutoka mchana. Kulikuwa na utawa, na utawa ulimaanisha kwamba kila kitu kilichohitaji miguu kilihitaji miguu yangu. Baba alikuwa amekwenda sokoni kununua samaki wa Wazungu. "Nenda kwa Memsabu," Bibi akaninong'oneza. "Mwambie dadako ana mimba, amesikia harufu. Na babako asiyue. Akiyua umeomba, utamvunda moyo." Watu wazima wawili, wenye akili zao na tasbihi zao, walishindwa kusemezana, na suluhu yao ikawa ni mtoto wa miaka tisa aliyevaa gauni lenye kiraka.

Nikaenda. Memsabu alikuwa kibarazani, sanduku mbele yake, anayafungua matufaha kwenye magazeti moja moja na kuyachungua kama lipo lililoanza kuoza. Tufaha tulilolijua sisi ni lile jekundu la mashambani, laini, la maji maji. Haya yalikuwa makubwa kama ngumi ya mtu mzima, ya kijani, yamekaa upande, na ngozi yake ilikuwa na mafuta mafuta ukiishika. Hayakuwa na sura ya kutamaniwa na mtu.

"Wewe nani?" akaniuliza.

"Mtoto wa Athmani."

"Athmani!" Uso wote ulimfunguka. "Athmani mpishi yangu! Mpishi mzuri! Mzuri sana sana!"

Nikageuka nyuma kuangalia kama kuna aliyesikia. Nilihisi uso unanichoma, sijui kwa aibu au kwa kitu kingine. Kisha nikatoa ujumbe wa Bibi neno kwa neno, na nilipoona haumwingii, nikajishika tumbo na kuchora duara hewani. "Ah, toto!" akasema, akacheka, akanichagulia mawili makubwa kuliko yote. Akainua kidole kama mwalimu. "Hapana kula hivi. Kali. Pika. Pika na sukari. Baba yako najua."

Nilikimbia nayo kwenye pindo la gauni mpaka nyumbani. Nataka ieleweke vizuri, kwa kuwa wasimulizi wa harusini huliruka jambo hili: mimi ujumbe niliufikisha. Nilisimama mbele ya Bibi, pumzi juu juu, nikasema, "Amesema si la kuliwa hivi. Lipikwe na sukari. Amesema Baba ajua."

"Babako ayuani?" akasema Bibi, na akalikata la kwanza.

Maimuna alitafuna kipande kimoja. Uso wake ulikunjika kama kitambaa kilichokamuliwa, machozi yakamtoka, na maji kidogo aliyokunywa yakatoka nacho. Nilionja mimi. Ndimu ilikuwa na huruma kuliko tunda lile. Lililobaki nilimpelekea punda wa jirani, akalinusa, akanigeuzia uso.

"Nilikwambia, Bibi. Lipikwe."

Akanifinya. "Ni bichi. Wazungu hawana subira, ndiyo maana wapika kila kitu. Hili tutalivundika."

Sisi watu wa visiwani tunajua kuvundika. Embe, ndizi, stafeli, chochote kinachokatwa kibichi tunakifukia kwenye mchele au majani makavu, na siku zake zikifika kinatoka kimeiva, kinanukia nyumba nzima. Bibi alikuwa bingwa. Lakini mtu aliyezoea kuvundika embe hudhani hakuna kitu duniani kisichovundikika. Akafunua mtungi mkubwa wa mchele, akalifukia lile tufaha la pili mpaka kiwiko chake kikazama, akasema bismillahi, akafunika.

Memsabu angemwambia Baba, na mambo yangeisha. Lakini haraka ya safari ilimsahaulisha, na adhuhuri ile ile alipanda chombo na mumewe kwenda kuzuru visiwa vya juu, Kizingitini na kwingineko, wiki mbili nzima. Akamwachia Baba nyumba. Akamwachia na ufunguo wa stoo. Yaani siku zote zile sanduku la matufaha lilikuwa limefungiwa humo stoo, na ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwa Baba, mfuko ule ule uliotungikwa ukutani mbele ya pua ya Maimuna. Nikikumbuka ufunguo ule hata sasa lazima nisimame nitembee kidogo.

Kila asubuhi baada ya sala Bibi alitia mkono mtungini, akalifinya tufaha. "Haliyaiva," akasema. Siku ya tatu, haliyaiva. Siku ya tano, haliyaiva. Embe gani hili lisilojua mchele? Mimi nikisema "lipikwe" nafinywa. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa na alama nyingi kuliko mtoto yeyote aliyenyimwa halua. "Mstahimilivu hula mbivu," Bibi ananiambia. Methali ile nimeichukia tangu siku zile, na nikiisikia kwenye hotuba huondoka nikaenda kutafuta maji.

Maimuna akawa haamki. Siku ya nane hakuweza kupanda ngazi kwenda darini kupunga upepo. Siku ya tisa nikamkuta Bibi ameshika shuka la Maimuna, analitazama doa la damu lisilozidi ukubwa wa shilingi. Alilikunja shuka haraka aliponiona. Kisha akaenda kwenye mtungi, akatia mkono, akakaa hivyo, mkono umezama kwenye mchele, muda mrefu sana.

"Haliyaiva, Bibi?"

Midomo yake ilikuwa inasoma dua.

Ningeweza kumwambia Baba usiku ule. Nililala naye chumba kimoja, mkeka wangu chini ya kitanda chake. Nilimsikia anageuka, nami nikageuka. Lakini nilikuwa nimeambiwa nitamvunja moyo, na nilijua kuwa ni kweli, na mtoto hajui kupima moyo wa babake na uhai wa mtoto asiyemwona. Nilinyamaza. Nimewalaumu wengi katika habari hii. Na mimi nijitie humo humo.

Siku ya kumi na moja ilikuwa Ijumaa. Baba alirudi kutoka msikitini, tukaketi kula. Bibi alikuwa amepika wali kutoka kwenye mtungi ule ule. Baba akafinyanga tonge, akalifikisha mdomoni, akasita. Akalirudisha. Akalinusa.

"Wali huu wanukia," akasema. "Mtele wake umelala na nini?"

Bibi alipata shughuli na mchuzi. Baba akainuka na mkono wake wa kulia umejaa wali, akaenda mpaka kwenye mtungi, akatia wa kushoto, na akalitoa. Lilikuwa kijani vile vile lilivyoingia. Lilikuwa na punje za mchele zilizonata kwenye mafuta ya ngozi yake.

"Nani ameiba?"

"Halikuibwa," nikasema. "Nilipewa."

"Uliomba?"

"Niliomba, Baba."

Uso wa Baba niliuona ukishuka, na nikajua Bibi hakunidanganya. Aliketi pale pale kwenye mkeka. "Miaka sita," akasema, si kwangu. "Sikutoka hata na ndimu." Kisha akauliza, kwa sauti ya kuchoka tu, "Memsabu alisemaje?"

"Alisema lipikwe. Na sukari. Alisema wewe wajua."

"Na mbona hamukulipika?"

"Nilisema! Nilisema kila siku!" Nikaanza kulia, kilio cha hasira hasa, cha siku kumi na moja. "Hapana anisikiaye nyumba hii!"

"Tunda bichi huvundikwa, Athmani," Bibi akasema, lakini sauti ilikuwa ndogo.

"Hili halivundikiki, mama. Hili huitwa bramli. Ukiliweka mwaka mzima ni kali vile vile. Limeumbwa kwa moto." Alikuwa amelishika mikono miwili. "Miaka sita nalipika tunda hili. Ndani ya nyumba yangu pana mtu mmoja aliyeniuliza nifanyalo huko mtana kutwa?"

Hapo ndipo Maimuna aliposema kutoka kitandani, na hatukudhani kuwa anatusikia. "Nilikuuliza mimi, Baba. Ukaniambia jasho."

Baba akainuka, akakunja mikono ya kanzu yake ya Ijumaa, nyeupe, iliyopigwa pasi, akashika ngazi.

"Wendapi?" akauliza Bibi.

"Jikoni."

"Athmani! Mwanamume wewe, jikoni?"

"Ndiko nendako kila siku, mama," akasema. "Na wewe wayua."

Jiko letu lilikuwa darini, chini ya paa la makuti. Nilimfuata. Sikuwahi kumwona Baba akifanya kazi yake, na nilitazama kama ninavyotazama sasa harusi ya mtu nimpendaye. Aliwasha makaa bila kuhangaika, kwa upepeo mara tatu tu. Alichukua kisu chetu kibutu, akakinoa kwenye ukingo wa jiwe, akalitoboa tufaha katikati akautoa moyo wake mzima bila kulipasua. Akalichora mstari kiunoni, kuzunguka, "lipate kupumua." Sukari, akaishindilia tunduni. Karafuu mbili. Zabibu chache za Bibi za mfungo. Kijiko cha samli juu. Hatukuwa na tanuri kama la Wazungu, basi akaliweka kwenye sufuria, akaifunika, akapalia makaa juu ya kifuniko kama tufanyavyo mkate wa sinia, na tukaketi.

"Asubuhi ile," akasema, akiyatazama makaa, "waliyosafiri, kabla sijaenda sokoni, nilisimama mbele ya Memsabu. Nilifungua kinywa nimuombe. Nikajisikia namuuliza kama ataka chai."

Nilipepea.

Harufu ilipoanza, ilishuka ngazi kabla yetu. Alipofunua, lile tunda gumu lililomshinda punda lilikuwa limefura, ngozi imepasuka pale alipoichora, na nyama yake imekuwa povu jeupe linalotetemeka. Akalishusha mwenyewe, sahani mikononi, kitambaa begani, kama nadhani alivyokuwa akitembea kule. Akaketi ukingoni mwa kitanda. Maimuna alikula kijiko cha kwanza, sote tukamtazama koo. Kikapita. Cha pili kikapita. Alikula lote, akala na ngozi, akakwangua sahani, akalala. Alipoamka magharibi akauliza kama pana wali uliobaki.

Memsabu aliporudi alimwambia Baba achukue mengine, naye akayachukua, mkono haukutoka mtupu. Alivyojisikia njiani nayo, hakusema. Aliyapika kule kule na kuyaleta kwenye bakuli lililofunikwa. Doa la damu halikurudi.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, mwenye mapafu ya kuamsha mtaa. Bibi ndiye aliyemwosha, na kabla hajakauka akapiga kigelegele, akamgeuza atuonyeshe. Juu ya tako la kushoto palikuwa na baka la kijani kijani, la mviringo. "Hilo hapo tufaha lenu!" akasema, kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi. "Ndizo siku kumi na moya hizo! Alhamdulillahi nilimwambia ashike hapo." Akaongeza, na hadi leo sijamsamehe, kuwa lau si yeye kulilainisha kwa mchele, lisingepikika.

Baba aliinama akaliangalia lile baka kwa makini ya mtu wa kazi. "Bramli halina umbo hilo," akasema, akaenda kusali.

Nilikua, nikasomea uuguzi, nikafanya kazi wodi ya wazazi miaka mingi. Watoto wetu, nusu yao na zaidi, wanazaliwa na baka lile lile, mgongoni au matakoni, na wakifika miaka minne limekwisha kufutika. Nilirudi nyumbani nimevimba kwa elimu kumwambia Bibi, aliyekuwa haoni tena. "Bibi, si tufaha. Nimewaosha mamia. Wote wanalo."

Alifikiri. "Basi mama zao wote walinyimwa kitu," akasema.

Nilikasirika siku hiyo hata nikakataa kula. Siku hizi sikasiriki tena, kwa sababu wale akina mama niliwajua.

Kitu kimoja Bibi alikibadilisha. Watu wakimwuliza mwanawe yuko wapi, alisema, "Yuko serikalini," kisha akameza mate, akamalizia, "jikoni." Ilimgharimu, na alifanya hivyo mpaka akafa. Baba mwenyewe hakuingia tena jikoni kwetu, na hakuna aliyemwomba aingie. Wazungu waliondoka, matufaha yao yakaondoka nao, na haya mekundu yanayouzwa madukani siku hizi ni matamu tu, hayana neno.

Nimesema mimi ujumbe niliufikisha, na maisha yangu yote nimewasumbua watu kwa kujigamba hivyo. Si kweli. Niliufikisha nusu. Maneno "mpishi mzuri sana sana" sikuyasema siku ile kwa kuwa neno lile halikutamkwa nyumbani, na baadaye sikuyasema kwa kuwa muda ulikuwa umepita, na baadaye zaidi nilidhani anajua. Mtu pekee aliyewahi kumsifu Baba kwa kazi yake alimsifu kwangu, na mimi ndiye niliyekaa na sifa hiyo miaka ishirini na kitu. Alipougua mara ya mwisho nilikaa kando ya kitanda chake siku nne, maneno yale yakiwa mdomoni. Siku ya nne akafumbua macho, akanitazama kana kwamba anangojea kitu, nami nikafungua kinywa. Nikamuuliza kama ataka chai.